Siku Moyo Wangu Ulipokosekana Mbele ya Mheshimiwa

Wacheni nianze kucheka mimi mwenyewe, ndiyo na nyinyi mpate ruhusa, kwa sababu haya mambo nilikuwa nimeapa sitayasema tena, lakini naona hata watoto ambao hawakuwa wamezaliwa wanayajua, na wanayasimulia vibaya (juzi msichana mmoja hapa Kamenu ameniambia ati nilizimia nikabebwa na diwani, sikuzimia, na diwani hangeweza kunibeba hata angetaka). Kwa hivyo afadhali msikie kutoka kwangu. Niliaibika. Niliaibika mchana kweupe, mbele ya kanisa, mbele ya serikali na mbele ya mama mkwe, na kati ya hao wote mama mkwe ndiye nilimwogopa zaidi.

Ilikuwa miaka ya tisini, karibu inaisha, wakati kliniki ya kanisa letu ilikuwa chumba kimoja na muuguzi mmoja, na ukisikia mtu ana shida ya moyo ulijua huyo ni wa kupelekwa Nairobi, na Nairobi ilikuwa foleni juu ya foleni. Sasa kulikuwa na daktari kijana, Daktari Mbugua, amezaliwa hapa hapa Thika, akaenda ng'ambo akasomea mambo ya moyo, akarudi. Akaambia kanisa kwamba anaweza kuazima mashine ya kupiga moyo picha, aje nayo Jumamosi moja, awapime watoto ambao kifuani kumesikika mlio usio wa kawaida. Mashine yenyewe haichomi, haikati, haina sindano. Unapakwa jeli baridi kifuani, daktari anapitisha kidude fulani kama kipande cha sabuni chenye mkia wa waya, na moyo wako unaonekana kwa kioo ukipiga, milango yake ikifunguka na kufungika, na kama kuna tundu au mlango uliokaza, anaona. Tuliposikia hivyo tukaona huo ni muujiza, na muujiza kwetu hauwezi kuja bila sherehe.

Hapo ndipo mambo yalianza kuharibika, kwa hiyo sherehe. Daktari alikuwa ameomba chumba chenye giza na utulivu. Kamati ikampa ukumbi wa kanisa, wenye viti vya kukodi kutoka Juja, kwaya, kipaza sauti, na mgeni rasmi, ambaye alikuwa mheshimiwa diwani. Mchungaji akaleta televisheni ya nyumbani kwake, ikawekwa juu ya meza mbele ya watu pamoja na kitambaa chake cha kushona na maua yake ya plastiki, halafu ikaunganishwa na mashine kwa waya ili kila mtu aone moyo (ndiyo, moyo wa mtu, kama taarifa ya habari). Kitanda cha kliniki kikawekwa pembeni, na akina mama wa kanisa wakapewa kazi ya kusimama wakikizunguka wameshika leso, ndiyo mgonjwa asionekane. Daktari alipoona hayo yote alisimama mlangoni kidogo, akasema ni sawa. Angesema nini, na huyo mchungaji ndiye aliyembatiza.

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya chakula. Hiyo mtanisamehe lakini lazima niitaje, kwa sababu nilikuwa naitaja kwa kila mtu siku hizo. Kwa hivyo nilifika mapema, nikawasha moto nyuma ya ukumbi, nikabandika sufuria kubwa ya mchele, ile inayobebwa na watu wawili, na nilipoingia ndani kuhesabu vikombe nikawakuta watu wamefika kabla yangu. Alikuwa mwanaume mrefu mkimya, mkulima wa Ngoliba, anaitwa Mutiso, na alikuwa amempakata binti yake Mwende mapajani kama mtoto wa kunyonya, na huyo mtoto alikuwa msichana mkubwa wa shule, miguu inagusa sakafu. Nikawapelekea chai, nikamwambia, Baba Mwende, si umwache mtoto akacheze na wenzake hapo nje. Akanitazama kwa upole tu, akaniambia Mwende hachezi. Tangu siku ile alipopelekwa hospitali kwa homa na daktari wa huko akasikia mlio kifuani mwake, akasema huenda moyo una tundu, mtoto hajakimbia. Hachoti maji, haruki kamba, wakati wa mapumziko anaachwa darasani peke yake, kwa sababu hakuna aliyewaambia kama hilo tundu ni kubwa au ni dogo au kama lipo kabisa, na mamake anaogopa siku moja ataanguka akicheza asiamke.

"Mimi sikuja nikitaka aponywe leo," akaniambia. "Nataka tu nijue."

Nikamwongezea mtoto mkate.

Mheshimiwa alikuja amechelewa, kama kawaida yao, akasalimia watu, akatoa hotuba kuhusu barabara (barabara zilihusiana vipi na moyo, mpaka leo sijui), kisha mchungaji akachukua kipaza sauti akaita mtoto wa kwanza, Mwende wa Ngoliba. Mutiso akasimama. Lakini mheshimiwa akamwinamia mchungaji, wakanong'onezana, na mchungaji akatuambia kwamba mgeni wetu ana wazo zuri, ati si vizuri kuanza na mgonjwa, tuanze na mtu mwenye afya njema ndiyo wananchi waone moyo mzuri unafanana vipi, halafu wagonjwa wafuate. Hata daktari akakubali, akasema ni njia nzuri ya kuijaribu mashine baada ya ile safari yake. Mutiso akaketi tena. Mchungaji akauliza ni nani anajiamini afya yake, ajitolee kwa niaba ya kanisa.

Hakuna aliyeinua mkono. Unajua watu wetu, kuimba wataimba, lakini kuvua sweta mbele ya diwani ni mambo mengine. Na mimi ningenyamaza, nawaambia ukweli, mchele wangu ulikuwa motoni na kazi yangu nilikuwa naijua. Lakini mama mkwe wangu alikuwa ameketi safu ya pili. Alikuwa ametoka Ruiru asubuhi hiyo hiyo, amevaa kitambaa kipya kichwani, na huyo mama tangu niolewe alikuwa akiwaambia watu kwamba mwanawe alioa mtu wa kuchoka haraka, kwa sababu alinikuta siku moja nimelala saa sita mchana. Nilikuwa na mimba ya Shiku! Kwani aliuliza? Basi nikaona, hapa ndipo, leo maitu, yaani mama, ataonyeshwa kwa televisheni kama mimi ni mtu wa kuchoka. Halafu kulikuwa na mpiga picha. Nikainua mkono nikasema, "Wacha mimi nitangulie," na watu wakapiga makofi, na nikapita mbele nikitembea vile bibi harusi hutembea, na nikijiambia mchele niliutolea ukuni mmoja, hautafanya kitu.

Kufika ndani ya zile leso ndipo nikakumbuka nimevaa nini ndani. Ilikuwa Julai, na baridi ya Thika ya Julai hamuijui nyinyi wa siku hizi wa majaketi, na asubuhi gizani nilikuwa nimechukua chochote cha joto nikavaa chini ya nguo, na hicho chochote kilikuwa ni fulana ya mpira ya mume wangu, ya kijani kibichi, namba tisa mgongoni. Akina mama waliokuwa wameshika leso wakaiona, wakaanza kutetemeka kwa kicheko, na leso zikatetemeka nao. Nikawakazia macho. Daktari kwa heshima yake akaniambia tu nilale kwa ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa, akaikunja fulana juu kidogo, akanifunika vizuri, akanipaka ile jeli. Ngai, hiyo baridi. Kisha akaweka kile kidude kifuani, upande wa kushoto karibu na mfupa wa katikati, na mimi nikainua shingo kuchungulia televisheni katikati ya leso mbili, nijione.

Kulikuwa na ukungu. Ukungu wa kijivu tu, unacheza cheza, kama televisheni ambayo aerial yake imeangushwa na upepo. Daktari akakisogeza juu, hakuna. Akakisogeza chini, hakuna. Mchungaji, ambaye hakuwa anajua moyo unafanana vipi lakini alikuwa na kipaza sauti mkononi, akaona watu wanangoja, akatangaza kwa sauti nzito kwamba ndugu zangu, huo mnaouona ndio moyo wa Mama Shiku, tumsifu Muumba, na watu wakapiga makofi na kwaya ikaanza wimbo. Ikabidi daktari atoe kichwa nje ya leso na kusema polepole, "Bado, mchungaji." Wimbo ukafa katikati ya ubeti.

Sasa hapo nikaanza kuona jasho kwa paji la uso la daktari, na jasho Julai si jambo zuri. Akabonyeza kidude mpaka mbavu zikaniuma. Akaniambia nitoe pumzi yote nje nisivute. Nikatoa. Ukungu. Akazima mashine, akaiwasha tena, tukangoja ikijifikiria, ikaja na ukungu ule ule. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimewahi kupasuliwa kifua, nikasema sijawahi hata kupasuliwa jipu. Huko nje watu wakaanza kunung'unika, na mzee mmoja wa safu ya mbele, mtu wa kusema anachofikiria, akauliza kwa sauti ya kanisa zima, "Kwani hana?"

Watu wakacheka. Mheshimiwa akacheka. Mimi nilikuwa nimelala hapo kwa ubavu, jeli inatiririka, na kwa mara ya kwanza nikaogopa kidogo, kwa sababu hata kama unajua uko hai, mtu akitafuta moyo wako na mashine ya ng'ambo akaukosa, unajiuliza maswali.

Na ndipo harufu ikaja. Harufu ya kitu kinaungua, halafu moshi mwembamba ukaingia kwa dirisha lililokuwa nyuma ya mashine, ukapita juu yake, na mtu akasema mashine inaungua. Hiyo ilitosha. Mheshimiwa alikuwa wa kwanza kusimama, mchungaji akakimbia akang'oa plagi ukutani na cheche zikaruka, televisheni ikazima, viti vya Juja vikaanguka kimoja baada ya kingine, na wale akina mama wa leso, dada zangu katika Bwana, wakakimbia. Wakakimbia na leso zao. Na mimi nikaruka kutoka kitandani nisije nikaungua pamoja na mashine, na nikajikuta nimesimama katikati ya ukumbi mbele ya watu wote nikiwa na sketi, jeli mpaka kitovuni, na fulana namba tisa niliyokuwa naivuta chini kwa mikono miwili, na kadiri ninavyoivuta mbele ndivyo inapanda nyuma. Mpiga picha alipiga. Siwezi kuwaficha, hiyo picha ipo mahali.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mtu mmoja tu ndiye alinijia, na alikuwa mama mkwe. Alitembea bila haraka, akavua sweta yake, akanifunika nayo mabegani, akanusa hewa mara moja, akaniambia sikioni, "Mama Shiku, ni mchele."

Ulikuwa mchele. Sufuria nzima, nyeusi chini kama lami, moshi unapanda ukutani na kuingia dirishani. Waliotoka nje wakauona, wakarudi wakisema, na sasa kicheko kikawa cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza, na mwenyekiti wa kamati ya chakula alikuwa nani? Nikaketi kwa benchi la pembeni, nikajifunga hiyo sweta mpaka shingoni.

Lakini hapo sasa kicheko kikaisha, kwa sababu mheshimiwa akasema mchele ni mchele na mashine ni mashine, na mashine ilikuwa imekataa hata kabla ya moshi. Akasema imeharibiwa na barabara (kumbe hotuba ilikuwa na maana), na kwamba asiione imewashwa tena hapo mpaka fundi aje, yeye hataki kusikia kanisa limeungua kwa sababu ya kifaa kibovu, halafu akatazama saa, akasema ana mkutano Ruiru, akaenda. Mchungaji akabaki ameshika plagi mkononi kana kwamba itamtoroka. Daktari hakubishana. Alisimama kidogo akitazama mashine yake, kisha akaanza kukunja nyaya.

Mutiso alikuja mbele. Alikuwa amembeba Mwende mkononi, mtoto amelaza kichwa begani, na akamwomba daktari ajaribu mara moja tu, maana mashine ikirudi Nairobi hakuna ajuaye itaazimwa tena lini. Daktari akaacha kukunja nyaya. Nilikuwa karibu, nilisikia alivyomjibu, na hakumjibu kwa dharau hata kidogo.

"Baba, sitampima mtoto kwa mashine nisiyoiamini. Nikikwambia hana tundu na analo, je?"

Mutiso akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa anatarajia hivyo, akaenda kuketi na mtoto wake mwisho wa benchi langu, na huko kuketi kwake ndiko kuliniuma kuliko namba tisa. Kwa sababu zamu ilikuwa yake. Alikuwa ameitwa kwa jina, amesimama, na mimi nikaingia mbele yake kwa ajili ya mama mkwe na mpiga picha. Aki hapo moyo wangu, huo huo uliokosekana, ukaanza kunipiga kwa nguvu, nikaubana kwa kiganja ili utulie, jinsi nimekuwa nikifanya tangu utoto nikishtuka.

Mama mkwe akaniona akakasirika. Akaniambia nitoe mkono, aibu ya leo imetosha, naminya nini mbele ya wazee. Nikamwambia siminyi kitu, maitu, nimeshika moyo, unaruka ruka. Akanitazama, akautazama mkono wangu, akautazama tena.

"Na moyo uko upande huo?"

Nilikuwa nimeshika upande wa kulia.

Sasa mnisikilize vizuri kabla hamjaniita mjinga. Mimi nilikuwa nimesikia moyo uko kushoto, shuleni tulifundishwa. Lakini mwalimu alituchorea mtu ubaoni, ametuangalia, na moyo wake akauchora kushoto kwake yeye, mtu wa ubaoni, ambako kwetu sisi tuliokuwa tunatazama ni mkono wa kulia. Wenzangu sijui walielewaje. Mimi nilijishika kifua, nikausikia wangu unapiga kulia, ukalingana na wa ubaoni, nikaona somo limeisha. Tangu siku hiyo nikajua moyo wa kila mtu uko pale, na hakuna aliyewahi kunikosoa, kwa sababu ni nani atakuuliza moyo wako unaushika wapi? Nilipozaa, waliweka vyombo vyao tumboni wakasikiliza mtoto, hawakunisikiliza mimi. Na sikuwa mtu wa kuugua, daktari wa kifua nilikuwa sijawahi kumwona. Hata huyu alipoanza upande ule mwingine, nilidhani mashine za ng'ambo ndivyo hutazama.

Nilimweleza hivyo mama mkwe, kwa sauti, nikijitetea (nikijitetea mimi husikika mbali), na nilipogeuka nikamwona daktari ameziacha nyaya sakafuni. Akaja, akaomba ruhusa, akaweka ile mipira yake ya kusikilizia masikioni, akasikiliza kushoto kwangu, akakunja uso. Akasogeza kulia. Akafunga macho. Nikaona mdomo wa daktari unaanza kutabasamu polepole, tabasamu la mtu ambaye ameona ng'ombe wake aliyepotea.

"Mchungaji," akasema, "rudisha plagi."

Mchungaji akasitasita, akasema mheshimiwa alisema. Daktari akamwambia mashine haijaharibika, ni Mama Shiku ndiye amepangwa tofauti, na yeye ndiye aliyekuwa akiutafuta moyo mahali ambapo haujawahi kukaa. Nilimuuliza swali moja tu, kama nitakufa.

"Utakufa siku yako ikifika, mama. Lakini si kwa hili."

Akaikagua plagi na ukuta, akachomeka mwenyewe, na akaniambia nilale tena, sasa kwa ubavu wa kulia. Leso zikarudi (na wenye leso wakiwa na aibu, sikuwasemesha). Akaweka kidude kulia, akakizungusha kidogo, na nikasikia watu wanavuta pumzi kabla hata sijachungulia. Ulikuwa pale. Ulikuwa mkubwa kwa televisheni ya mchungaji, chini ya maua ya plastiki, unafunga na kufungua milango yake kwa bidii kama mtu asiyejua anatazamwa. Mchungaji alishika kipaza sauti na hakusema kitu mpaka daktari alipomwitikia kwa kichwa, na hata hapo alisema tu, "Basi, ni huo," na akaketi. Mimi nililia kidogo. Sikuwa na huzuni, ni ile tu kwamba nilikuwa nimeanza kuamini sina.

Daktari akanieleza kwamba nilizaliwa hivyo, na kwamba si moyo peke yake, hata ini langu liko kushoto, kila kitu ndani kimegeuzwa kama mtu unayemwona kwa kioo, na vyote vinafanya kazi sawasawa. Akaniagiza kwamba daktari yeyote akitaka kunipasua, au nikipata maumivu makali ya tumbo, niseme kwanza, wasije wakatafuta upande usio wenyewe. Nimesema kwa kila daktari tangu siku hiyo. Hawaniamini mpaka wapime.

Kisha akawaomba watu wote watoke nje. Akasema kwa mtoto huyu anataka giza na utulivu, kama alivyoomba mwanzo, na waya wa televisheni akauchomoa. Hakuna aliyebisha. Tulibaki daktari, Mutiso, na Mwende, na mimi pia, kwa sababu Mwende alinishika kidole akasema yule mama wa mpira akae. Nikakaa. Nikamshika mkono wakati jeli inapakwa, nikamwambia ni baridi lakini haiumi, na hakushtuka hata, mtoto aliyezoea kukatazwa huwa mtulivu kupita kiasi.

Daktari alikaa muda mrefu na huo moyo. Hakuharakisha. Alipitisha kidude mbele, chini, ubavuni, akarudi, akawasha rangi fulani nyekundu na buluu zinazoonyesha damu inaenda wapi, akaifuata, akasimama. Nilimsikia Mutiso anavyopumua. Mwishowe daktari akamwita asogee, akamwonyesha ukuta katikati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, na hapo chini kabisa ya ukuta, uzi mwembamba wa rangi unapenya.

Akasema tundu lipo. Nikafumba macho. Akaendelea kusema kwamba ni dogo sana, moyo haujapanuka, una nguvu, hautaki kupasuliwa wala dawa, na matundu ya namna hiyo mengi hujifunga yenyewe mtoto akikua. Mutiso akauliza, na sauti haikutoka vizuri, kwa nini basi linapiga kelele kubwa hivyo ikiwa ni dogo. Daktari akamwambia wewe ni mkulima, umeona mpira wa maji. Ukitoboka pakubwa maji hutoka kimya, ni kile kitundu kidogo ndicho hupiga kelele. Amlete kupimwa kila mwaka, na wasimng'oe jino bila kumwambia daktari wa meno kwamba ana tundu, basi.

"Anaweza kuchota maji?" Mutiso akauliza.

"Anaweza."

"Kuruka kamba?"

"Ruka naye, baba, kama unaweza."

Mutiso alitoa kofia, akajifunika nayo uso, akaketi kwa kile kitanda na kulia, mtu mzima, mabega yanaenda juu na chini. Nami nikawa nalia na kucheka, kamasi na vyote, ndani ya sweta ya mama mkwe. Ni Mwende peke yake ambaye hakulia. Alikuwa anajifuta jeli na pindo la nguo, akimtazama babake, kisha akanitazama mimi, akaniuliza kama sasa anaruhusiwa. Nikamwambia akamuulize baba. Mutiso akaitikia tu ndani ya kofia. Na huyo msichana akaanza kutembea kwa tahadhari katikati ya viti vilivyoanguka, halafu haraka, halafu akakimbia, akauzunguka ukumbi wote, akapiga kona kwa mimbari, akaangusha vile viti vichache vilivyokuwa bado vimesimama, akarudi kwetu akihema na uso umemwiva. Babake alimwekea kiganja kifuani. Akakiacha hapo. Akasema, "Unapiga vizuri," na Mwende akamponyoka akaenda mzunguko mwingine.

Mchele tuliula, ule wa juu, ulikuwa na harufu ya moshi lakini watu walikuwa na furaha na hakuna aliyelalamika isipokuwa mama mkwe, na hata yeye aliongeza. Aliporudi Ruiru aliwaambia majirani kwamba mke wa mwanawe ana moyo, ameuona kwa macho yake kwa televisheni, na unafanya kazi bila kuchoka. Hilo nililipata, ingawa si kwa njia niliyopanga.

Watu hupenda kunikumbusha fulana na mchele, na mimi hucheka nao, haina shida, nimezoea. Lakini kuna kitu kimoja ambacho mpaka leo kikinijia nikiwa jikoni huwa naacha mwiko nashukuru Mungu, nacho ni hiki, kwamba ilibaki kidogo tu nyaya zikunjwe na yule mtoto arudi Ngoliba akaketishwe tena darasani peke yake, mwaka baada ya mwaka, na moyo wake hauna shida yoyote ya kukimbia. Kwa hivyo siku hizi mkiwa mkutanoni na muulizwe ni nani atajitolea, na mnione mimi, mdomo wote huu, nimekalia mikono yangu, msidhani nimezeeka au nina kiburi. Naangalia kwanza ni zamu ya nani.